Keris Si Upanga, na Mengine Yanayosemwa Sivyo Kuhusu Silaha za Java

Dhana: Keris ndiyo upanga wa Wajava, watu wa kisiwa cha Java, Indonesia.
Hapana. Keris ni jambia la kuchoma: imechongoka, ina makali pande mbili, na kwenye shina la bapa upande mmoja ni mpana kuliko wa pili. Silaha ya kukata na kufyeka huitwa pedang, nayo ina maumbo na majina yake. Golok, iliyozoeleka zaidi magharibi mwa kisiwa, ni hasa panga la kazi, la miti na nazi. Wedung inachanganya wengi zaidi. Ni pana na fupi kama kisu cha bucha, lakini maofisa waliivaa kiunoni walipohudhuria kwa mfalme. Ilikuwa sehemu ya mavazi ya kasri. Keris yenyewe, tofauti na jambia la Mwomani linalokaa tumboni, Mjava huichomeka mshipini upande wa mgongo.

Dhana: Bila mawimbi si keris.
Ziko keris nyingi zilizonyooka, kama Brojol na Tilam Upih. Zenye mawimbi, yanayoitwa luk, huhesabiwa kwa witri: Jangkung ina matatu, Pandawa matano. Ila anayehesabu mawimbi tu hafiki mbali. Nagasasra na Sengkelat zote zina luk 13, lakini Nagasasra ina joka lililochongwa kufuata bapa. Umbo zima, pamoja na michongo midogo ya kwenye shina, ndilo dapur, na dapur ndiyo hutoa jina.

Dhana: Basi jina ni hilo moja.
Michirizi ya chuma, yaani pamor, ina majina yake, kwa mfano Udan Mas na Wos Wutah, na pamor ileile huweza kukaa kwenye dapur tofauti. Silaha za urithi hupewa pia jina la heshima kama mtu: keris kuu ya kasri la Yogyakarta ni Kyai Ageng Kopek.

Dhana: Pamor hutokana na vimondo.
Mara chache. Kimondo kilichoanguka Prambanan, Java, kilipelekwa kasri la Surakarta mwishoni mwa karne ya 18, na mafundi wakakitumia. Kabla ya hapo chuma chenye nikeli kilitoka hasa Luwu, kisiwani Sulawesi. Fundi hukunja na kufua tabaka za vyuma tofauti, kisha hupaka aseniki na maji ya ndimu: chuma cha kawaida huwa cheusi, chenye nikeli hubaki kinang'aa. Wanaosikia aseniki hukimbilia hadithi za sumu, lakini kazi yake hapa ni kutoa rangi.