Promota: mlango wa jeni unaopigwa hodi

Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, pale Kongwa, wanakunywa maziwa ya ng'ombe yaleyale, hayajaganda. Mmoja anaomba kikombe cha pili. Mwenzake, hazipiti saa mbili, tumbo linaunguruma na kujaa gesi. Watu husema huyo wa pili hana jeni ya maziwa. Anayo, na ndiyo aliyonyonyea utotoni. Jeni hiyo hutoa laktasi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa. Tofauti yao iko kwenye jinsi jeni inavyoamshwa.

Promota ni kipande cha DNA kilicho mwanzoni mwa jeni, pale usomaji unapoanzia. Ni kama mlango. Msomaji wa jeni, kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi, hufika hapo na kupiga hodi, lakini haanzi kazi mpaka wenyeji waitikie “karibu”. Wenyeji hao ni protini za unukuzi, yaani zinazosimamia usomaji wa jeni. Kila moja ina mfuatano wake mfupi wa herufi za DNA inaoutambua na kuushika. Binadamu ana aina zaidi ya 1,000 za protini hizi. Zipo zinazokaribisha na zipo zinazozuia.

Tena mwenyeji mmoja hatoshi. Protini iitwayo HNF1α imo kwenye ini na kwenye utumbo mwembamba pia, ila ini halitengenezi laktasi. Utumbo unao na wenzake, protini kama CDX2 na GATA4, nao wakishika promota pamoja ndipo jeni inasomwa kwa nguvu. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika somo hili: DNA ni ileile kwenye ini na kwenye utumbo, kinachobadilika ni nani yupo mlangoni.

Mtoto akishaacha kunyonya, kwa watu wengi duniani jeni ya laktasi hufifia polepole. Mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Sarah Tishkoff walitangaza walichokipata kwa Watanzania na Wakenya: herufi moja, C mahali pa G, ambayo wenye nayo jeni yao huendelea kufanya kazi ukubwani. Ajabu yake, herufi hiyo haimo hata kwenye promota. Iko herufi 14,010 kabla ya mwanzo wa jeni, ndani ya jeni jirani iitwayo MCM6. Kipande cha DNA chenye herufi hiyo ni kichocheo cha mbali, yaani huipa promota nguvu kutoka mbali. DNA hujikunja kama kamba, kikasogea karibu na promota. Herufi C huzifanya protini za unukuzi, HNF1α ikiwamo, zikishike kwa nguvu zaidi, na promota ikapata msukumo. Badiliko hili lilienea Afrika Mashariki ndani ya miaka 7,000 hivi iliyopita, pamoja na ufugaji.

Nakala moja ya C, iwe ya baba au ya mama, inatosha. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana: mmoja kairithi, mwingine imempita. Huyu wa pili mara nyingi hunywa maziwa mgando bila shida, kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya sukari ile kabla kibuyu hakijamfikia.