Mashine ya CPAP melini: maji yakikosekana, usilale bila mashine

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya usingizi hapa Houston, na wagonjwa wangu wengi ni watu wetu: Wakenya, Watanzania, Wakongo. Likizo zikifika wanapanda meli za kitalii kule Galveston, mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka mjini, wanazunguka Karibi wiki moja na kurudi. Nikifungua kumbukumbu za mashine zao nakuta usiku saba mfululizo umeandikwa sifuri. Nikiuliza kulikoni, jibu ni lile lile: "Maji ya mashine yalikosekana, dada."

CPAP ni nini, na maji yanaingia wapi?

Ni mashine inayosukuma hewa kupitia mpira na barakoa ili koo lisijifunge ukiwa usingizini. Mwenye ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, koo lake huziba kwa sekunde 10 au zaidi, likafunguka, likaziba tena. Ugonjwa ukiwa mkali hutokea mara 30 au zaidi kwa saa moja. Dawa yake ni ile hewa. Maji ya kwenye tangi dogo la mashine hupashwa moto yatoe mvuke ili hewa isikukaushe pua na koo. Kazi yake ni hiyo tu. Naomba ulishike hilo, maana nitalirudia.

Kwa nini tunaambiwa maji yaliyokenekwa, haya ya distili?

Kwa sababu hayana madini. Maji yaliyokenekwa yamegeuzwa mvuke kisha yakapozwa yakawa maji tena, chumvichumvi zote zikabaki nyuma. Ukitumia maji ya bomba, chini ya tangi unaota ule ukoko mweupe unaouona kwenye birika la chai, na tangi linaharibika mapema. Tena maji ya bomba hayakukusudiwa kuvutwa puani. Kijidudu ambacho tumbo linakimaliza bila wewe kujua kinaweza kukuuguza kikifika kwenye mapafu.

Lakini meli hutengeneza maji yake kutoka baharini. Si ndiyo distili hiyo hiyo?

Swali zuri, na wanaoliuliza wamefikiri. Ni kweli meli nyingi hugeuza maji ya bahari kuwa mvuke, au huyachuja kwa shinikizo kubwa. Ila yakifika kwenye bomba la chumba chako si yale tena. Yameongezwa madini, yametiwa klorini au bromini, pengine yamechanganywa na maji yaliyopakiwa bandarini, na yamepita kwenye mabomba marefu ya meli nzima. Shirika la afya la Marekani, CDC, linataka dawa hiyo ya kuua vijidudu isishuke chini ya miligramu 0.2 kwa lita mpaka kwenye bomba la mwisho. Kwa kunywa, ni maji salama. Kwa tangi la mashine yako, ni maji ya bomba kama mengine.

Nikikosa kabisa maji ya distili melini, nifanye nini?

Lala na mashine bila maji.

Narudia, kwa sababu hapa ndipo watu wanapojiumiza: lala na mashine bila maji. Ingia kwenye mipangilio, zima unyevu, mwaga maji yote, rudisha tangi likiwa kavu, vaa barakoa, lala. Usiache kuzima unyevu, maana bamba la moto lisibaki likipasha tangi tupu. Kama mashine yako ina kifuniko cha kuziba mahali pa tangi, kitumie. Asubuhi utaamka pua imekauka, hasa kwa sababu ya kiyoyozi cha kabini. Dawa ya pua ya maji ya chumvi inayouzwa duka la dawa bila cheti itakusaidia. Pua kavu haijamuua mtu. Koo lililoziba usiku kucha ni habari nyingine.

Mzee mmoja alikuja kliniki na mkewe siku nne baada ya kushuka melini. Mama yule akanipa simu yake nisikilize. Alikuwa amemrekodi mumewe kabini usiku wa tatu. Unasikia anakoroma, anakoroma, kisha kimya. Nikaitazama saa ya ukutani. Zikapita sekunde 34 ndipo mzee akavuta pumzi kwa kishindo, kama mtu aliyeopolewa majini. Nikamuuliza, "Baba, mashine ilikuwa wapi?" Akajibu kwa upole, "Chini ya kitanda, ndani ya begi lake. Galoni ya maji tuliisahau nyumbani." Mashine nzima, umeme upo, barakoa ipo, na mtu amelala bila tiba wiki nzima kwa ajili ya kitu ambacho tiba haikihitaji.

Siku saba tu! Kwani zina madhara gani?

Ugonjwa huu hauendi likizo. Kwa wengi pumzi huanza kukatika tena usiku ule ule wa kwanza au wa pili bila mashine, na wasiotumia kwa wiki mbili wamepimwa wakakutwa presha imepanda. Melini kuna mambo mawili yanayozidisha. La kwanza ni pombe, ambayo wengine wameilipia kifurushi cha safari nzima. Pombe hulegeza koo na kuufanya usingizi uwe mzito. La pili ni kula kwa wingi usiku na kujilaza chali. Kisha siku ya nane mtu ambaye hajalala vizuri wiki nzima anaingia kwenye gari, anashika barabara kuu ya 45 kurudi Houston, watoto wako nyuma. Hilo ndilo linaloninyima raha mimi.

Kwa waliopewa mashine karibuni lipo na la bima. Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, na bima nyingi zinazofuata utaratibu wake, hutaka ndani ya miezi mitatu ya kwanza uwe na kipindi cha siku 30 ambacho asilimia 70 ya usiku wake umetumia mashine saa 4 au zaidi. Usiku saba wa sifuri hapo si jambo dogo. Na mashine ikishapita usiku bila kuandika saa, mimi siwezi kukuandikia.

Basi niyapateje mapema, nisihangaike?

Ukikata tiketi, piga simu kampuni ya meli na uulize kitengo cha abiria wenye mahitaji maalumu. Kampuni nyingi huweka maji ya distili chumbani kwako ukiomba mapema, nyingine bure, nyingine kwa malipo. Mimi nawaambia wagonjwa wangu siku 30 kabla kwa uchache, na waombe jibu la maandishi. Ukifika kabini usikute kitu, nenda mapokezi saa ile ile na karatasi yako. Usingoje saa tano ya usiku. Hapo hapo ulizia umeme. Kampuni nyingi hazitaki abiria aje na ekstensheni yake, na soketi mara nyingi iko mbali na kitanda. Ukisema ni ya mashine ya kupumulia, watakuambia kama wanatoa ya kwao.

Kama meli yako inaruhusu kupanda na maji, nunua galoni moja supamaketi, karibu lita 3.8, isifunguliwe. Matangi mengi huchukua chini ya nusu lita, na watu wengi hawalimalizi kwa usiku mmoja, kwa hiyo galoni hutosha safari ya wiki au kukaribia. Mashine yenyewe ibebe mkononi. Usiwape wapagazi wa bandarini, kwani mizigo yao huenda ikafika chumbani jioni sana. Weka na chupa ndogo ya maji ya usiku wa kwanza kwenye begi hilo hilo, ila isiwe ndani ya tangi! Tangi lisafiri tupu. Maji yakimwagikia ndani ya mashine huua mota.

Wanaoruka kwanza kwa ndege hapa Marekani: CPAP ni kifaa cha tiba, haihesabiwi kama begi la mkononi, na maji yake hayabanwi na kile kikomo cha mililita 100. Waambie maafisa wa ukaguzi mapema, kabla hawajayaona wenyewe.

Meli ikitia nanga Cozumel, kule Meksiko, na bado huna, ingia duka la dawa uombe *agua destilada*. Wataelewa.

Nyumbani maji ya distili tunayajua kama maji ya betri. Si ni yale yale?

Hapana, na tafadhali usithubutu. Kwenye vituo vya mafuta kule kwetu, jina "maji ya betri" hubeba vitu viwili: maji ya kuongezea betri, na asidi ya betri. Chupa zinafanana, na muuzaji mwenyewe wakati mwingine hatofautishi. Hata yale yasiyo asidi hayakutengenezwa kwa ajili ya mapafu ya mtu. Wanaopanda meli zinazopita Mombasa au Zanzibar walisikie hili. Ingia famasi, si kituo cha mafuta. Famasi wana maji safi ya kuchanganyia dawa za sindano. Hayo hayana madini wala vijidudu, ingawa yako kwenye vichupa vidogo na yatakugharimu. Maji ya dripu ya chumvi usiyatie, chumvi yote itabaki kwenye tangi.

Na nikichemsha maji kwa birika la kabini?

Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi madini. Ikibidi, kwa usiku mmoja au miwili, afadhali maji ya chupa iliyofungwa kiwandani, yale yaliyosafishwa badala ya yale yanayojisifu kwa madini yake. Asubuhi mwaga yaliyobaki, osha tangi kwa sabuni laini, liache likauke. Kuna watu wanaongezea maji mapya juu ya yale ya jana na ya juzi. Hiyo ni supu, na unaivuta puani saa nane.

Halafu kuna wanaotia matone ya mkaratusi au kipande cha Vicks kwenye tangi "ili kifua kifunguke". Acheni. Mafuta yanaharibu tangi, na mapafu hayana haja ya kuoshwa kwa mafuta.

Nimerudi safarini nina homa na kikohozi. Nisubiri kwanza?

Usisubiri. Kuna nimonia ya bakteria aitwaye Lejionela, anayependa maji ya uvuguvugu, na dalili huanza siku 2 hadi 14 baada ya kumvuta. Kati ya Novemba 2022 na Juni 2024, CDC ilifuatilia wagonjwa 12 waliosafiri kwa meli mbili, na mabafu ya maji moto kwenye baraza za vyumba ndiyo yaliyokutwa na tatizo. Ukiwa na homa, kikohozi na pumzi fupi, nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme mwenyewe kwamba ulikuwa melini, maana kipimo chake ni cha kuombwa. Chai ya tangawizi siku tano haitakusaidia hapa.

Nilitumia maji ya bomba safari nzima, sasa tangi lina ukoko mweupe. Nimeharibu mashine?

Angalau ulilala nayo, na kwa hilo nakupongeza. Changanya siki nyeupe sehemu moja na maji sehemu kumi, loweka tangi dakika kumi, suuza vizuri, anika pasipo jua kali. Ukoko ukigoma au ukiona ufa, omba tangi jipya; Medicare hulipia moja kila miezi sita. Badilisha na chujio la hewa ukiwa hapo, kisha leta mashine kliniki tusome usiku wako.