Mchezo wa vizibo vya soda na safari ya limfu

Muulize mwanafunzi wa kidato cha tatu kazi ya moyo, atakueleza mpaka uchoke. Muulize limfu, yaani yale majimaji yanayobaki nje ya mishipa ya damu na kurudishwa kwenye damu kwa njia yake, inasukumwa na nini, darasa zima linainamia madaftari. Ndiyo maana mada hii mimi siianzii ubaoni, naianzia sakafuni, kwa chaki na vizibo vya soda.

Chemsha bongo za pointi hazinisaidii hapa. Anayeshinda ni yule aliyekwisha kukariri. Nataka mchezo ambao sheria zake ndizo mwili wenyewe.

Nachora mguu mkubwa. Kundi la wanafunzi wanaoigiza kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, kila raundi linamwaga mguuni vizibo 20, kisha linaokota 17. Hesabu hiyo inaufuata mwili: kwa siku, takriban lita 20 za majimaji huchujika kutoka kwenye kapilari, na kama 17 hurudi humo humo. Raundi ya kwanza hakuna anayejali vizibo vitatu vilivyobaki. Ikifika ya tano, lazima mmoja aropoke, "Mwalimu, huyu si atavimba?" Hapo ndipo naingiza mishipa ya limfu.

Wanafunzi wanaoigiza mishipa hiyo hukaa kwa mstari kuanzia mguuni hadi shingoni. Kizibo kinapitishwa mbele, hakirudi nyuma. Hiyo ni kazi ya vali. Tena kinasogea pale tu mwenzao aliyesimama pembeni, yaani msuli, anapopiga hatua. Msuli akitulia, vizibo vinalala. Aliyewahi kukaa kwenye basi kutwa nzima akashuka viatu vinambana hahitaji maelezo zaidi. (Mishipa ya limfu hujikaza yenyewe pia, na kupumua kunasaidia. Hayo nayaacha mpaka mwisho, yakitangulia yanavuruga mchezo.)

Katikati ya mstari anakaa tezi. Anageuza kila kizibo, na chenye wino mwekundu ni bakteria. Akikipata anaita wenzake wamzunguke, wanasongamana hapo mpaka kupita ni shida. Huo ndio mtoki unaomtoka kinenani mtu mwenye kidonda mguuni.

Mstari unamwaga vizibo kwenye vena kubwa chini ya shingo, upande wa kushoto, hata kama mguu niliouchora ni wa kulia. Upande wa kulia wa kichwa, shingo na kifua, pamoja na mkono wa kulia, ndio wenye mfereji wao. Wanafunzi hubishana sana juu ya hili, nami nawaacha wabishane.

Raundi ninayoipenda ni ya matende, maana huku pwani kila mmoja ameshamwona mgonjwa. Wanafunzi wawili wanakuwa minyoo, wanajibanza kwenye mstari. Vizibo vinarundikana. Minyoo hii huenezwa na mbu, na ikishakomaa huishi ndani ya mishipa ya limfu miaka 6 hadi 8.

Kisha nawatoa minyoo. Darasa linashangilia, linadhani mguu umepona. Lakini palipokaa minyoo natangaza kuwa vali zimeharibika: waliokaa hapo sasa wanaweza kurudisha vizibo nyuma. Mguu unajaa tena, polepole. Ndipo tunapozungumza kwa nini dawa za kinga hugawiwa hata kwa watu wasioumwa, na kwa nini mwenye matende anasisitiziwa kuosha mguu kwa sabuni kila siku, kuunyanyua anapokaa na kuufanyisha mazoezi.