Kompyuta darasani: tuulize somo kwanza

Muhula uliopita niliingia katika darasa moja la sekondari hapa Pemba. Kazi yangu kama mkufunzi wa walimu ni kukaa nyuma na kuangalia somo linavyokwenda. Siku hiyo lilikuwa somo la kujaa na kupwa kwa maji. Madirisha yalizibwa kwa kanga, shuka jeupe likatundikwa juu ya ubao, na projekta ya kuazima ikawekwa juu ya meza iliyotiwa kigae mguuni isitetereke. Kwenye shuka mwezi ukawa unaizunguka dunia taratibu, na kila ulipokaa mstari mmoja na jua, maji yalifura zaidi.

Msichana mmoja akanyoosha mkono kabla hajaulizwa. "Kumbe hiyo ndiyo bamvua?"

Bamvua ni siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Mama yake analima mwani. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huteremka pwani kufunga mbegu na kuvuna, kwa kuwa maji hupwa mbali. Siku za maji mafu, ambazo maji hayajai wala hayapwi sana, hana la kufanya huko. Mtoto aliijua kalenda hiyo tangu mdogo, lakini sababu yake aliiona siku ile. Nimelisomesha somo hilo kwa chaki miaka mingi na najua ubao unapokwama: mchoro wake umesimama, na jambo lenyewe ni la mwendo.

Dakika chache baadaye umeme ukakatika. Mwalimu hakubabaika. Alifungua dirisha moja, akatoa mkobani chungwa na ndimu. Mwanga wa dirisha ukawa jua, chungwa dunia, ndimu mwezi. Akawaita wanafunzi mmoja mmoja: niwekee ndimu pahala pake siku ya maji mafu. Wa mwanzo akakosea. Wa pili akakosea. Hawa ni watoto walewale waliokuwa wakitikisa vichwa mbele ya picha kwamba wamefahamu. Wa nne ndiye aliyeiweka ubavuni, pembe mraba na jua, na darasa zima likapiga kelele.

Kwangu mimi faida na hasara ya vifaa hivi zote zilionekana katika kipindi kile kimoja. Picha inayotembea vizuri humfungulia mtoto jambo lililofungika, na papo hapo humpa hisia kwamba ameshajua, kabla akili yake haijafanya kazi yoyote. Mwalimu asiyeuliza baada ya picha huondoka ameridhika, na makosa huja kuyaona kwenye mtihani.

Ndiyo maana huwa nasita nikisikia skuli imepata kompyuta na habari ikaishia hapo. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu ya wanafunzi kuanzia mwaka 2008. Watafiti walipowapima watoto baada ya kama miezi 15, hawakuona nafuu katika hisabati wala lugha. Sasa tuangalie ng'ambo ya mkondo, mkoani Tanga. Katika Global Learning XPRIZE, mashindano ya programu za kumwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma na kuhesabu, watoto wa vijiji takriban 170, wengi wao wasiokuwa wakienda skuli, walipimwa. Walio wengi walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, na vijiji vyao vikawekewa umeme wa jua wa kuvichaji. Miezi 15 vilevile. Wengi walikuwa hawajui hata neno moja la kusoma walipoanza, na waliovitumia wakapiga hatua katika kusoma na kuhesabu. Mwaka 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, zikagawana ushindi. Vifaa vyote viwili ni mashine za kuchaji. Zile za Tanga zilibeba masomo yaliyopangwa kutoka herufi ya kwanza kwenda juu, kwa lugha anayoota nayo mtoto.

Zanzibar tumelijua hili zamani, kwa redio. Vipindi vya Tucheze Tujifunze viliwafikia watoto wa maandalizi katika vituo ambavyo hadi leo watu huviita TuTu. Sauti ya redioni huuliza, hunyamaza, watoto hujibu na kuruka na kuimba, mlezi akiwaongoza. Ule ukimya wa sekunde chache una thamani kubwa, na video nyingi za mtandaoni hazina.

Simu ya mkononi ni suala jengine. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 ilieleza kwamba mwanafunzi aliyevutwa na simu anaweza kuchukua hadi dakika 20 kurudi kwenye somo. Kipindi cha dakika 40 kimeshaliwa nusu. Kwa akili mnemba, yaani programu zinazoweza kumwandikia mtoto insha, nawaomba walimu wenzangu jambo moja: insha ikija kutoka nyumbani imenyooka kupita kawaida, msimkaripie mtoto. Mwiteni asimulie kwa mdomo alichoandika.

Na wapo ambao kifaa kwao ni mlango wenyewe. Mwanafunzi mwenye uoni hafifu anayekuza maandishi kwenye kishikwambi anasoma pamoja na wenzake, hasubiri kusomewa.

Kwa kamati za skuli na wazazi wanaochangia: kabla ya kununua kifaa, ulizeni mwalimu gani amefundishwa kukitumia, kwa somo gani, na nani atakitengeneza. Hewa yetu ya chumvi hula vyuma, na chumba cha kompyuta kilichofungwa kwa kufuli hakizuii kutu. Projekta moja inayozunguka darasa hadi darasa mara nyingi hufanya kazi kuliko kompyuta 20 zilizofunikwa vitambaa.

Kwa walimu: pakueni video mapema, muiangalie yote, mchague dakika tatu tu. Isimamisheni katikati na muulize kitakachofuata. Na chungwa na ndimu zikae mkobani.