Ini, hasira na joto la Oktoba: maswali kuhusu tiba ya Kichina na yoga

Mwezi wa kumi ukifika Lubumbashi, vumbi jekundu limekwisha kuingia hadi ndani ya sufuria, mvua bado inatukwepa, na watu wa nyumba moja wanagombania ndoo ya maji. Mimi ni muuguzi. Asubuhi kabla ya zamu nafanya yoga uani na majirani wachache hapa Katuba. Haya ndiyo wanayoniuliza.

Wachina wanasema majira ya kuchipua ni ya ini na hasira. Ini na hasira wapi na wapi?

Katika tiba ya jadi ya Kichina kila majira yana kiungo chake. Majira ya kuchipua yamepewa ini na nyongo. Asili yake ni mti (nyingine ni moto, udongo, chuma na maji), rangi yake kijani, ladha yake uchachu, hisia yake hasira. Nguvu ya mwili, ambayo wanaiita qi, wakati huo hupanda kama utomvu. Ikizuiwa njiani, mtu anakuwa mkali, kifua kinambana, usingizi unampaa.

Usicheke haraka. Sisi wenyewe tunasema maneno fulani yamenikata maini, au fulani ana nyongo nami, na hatukufundishwa hayo na Mchina. Ila tuelewane: ini linalopimwa hospitalini halitengenezi hasira. Ini la Wachina ni namna ya kuieleza hali ya mtu mzima.

Lakini huku hatuna majira hayo. Tufuate kalenda ya nani?

Kalenda yao inayaanza karibu tarehe 4 Februari, wakati sisi tunakanyaga matope. Tuwaachie. Wewe tazama miti. Toka mjini mwezi wa tisa kwa njia ya Kipushi: miombo iliyonusurika kuchomwa makaa imetoa majani mekundu kama shaba, na hakuna tone la mvua lililoanguka. Huo ndio wakati wetu. Na hasira ya wakati huo, kwa maoni yangu, haitoki mbali: joto linakata usingizi, maji tunakunywa machache, na minerval, yaani karo ya shule ya watoto, imekausha mfuko.

Kitabu chao cha kale, Huangdi Neijing, kinashauri wakati huo mtu aamke mapema, atembee uani kwa hatua ndefu na afungue nywele. Hayo hayana malipo. Aliyesuka juzi, nywele aziache.

Yoga ni dini?

Ilizaliwa India, pamoja na dini za huko. Sisi tunanyoosha viungo na kupumua. Anayetaka kusali anasali kwa Mungu wake. (Bibi mmoja alikuja na kikapu akidhani tunagawa uyoga. Alibaki.)

Nianzeje?

Saa kumi na mbili asubuhi, tandika kitenge. Piga magoti, viganja chini, kama mtu anayepiga deki. Ukivuta pumzi acha tumbo lishuke na kichwa kiinuke. Ukiitoa, pandisha mgongo kama paka aliyeona mbwa. Mara nane. Kisha kaa, weka mkono wa kulia juu ya goti la kushoto, geuza kifua polepole kuelekea nyuma. Halafu upande wa pili. Wachina wanasema njia ya qi ya nyongo hupita ubavuni. Mimi najua tu kwamba mbavu zilizojikunja siku nzima juu ya beseni la kufulia zinashukuru.

Mwisho lala chali, miguu juu ya ukuta, upumue hivi: vuta ukihesabu hadi 4, toa ukihesabu hadi 6. Dakika tano. Weka vidole shingoni, utasikia mwenyewe moyo unavyopunguza mbio pumzi inapotoka. Katika yote niliyokwambia, hili ndilo ninaloliamini zaidi. Ukisikia kizunguzungu, acha. Mwenye mimba asijipinde sana wala asilale chali muda mrefu. Mwenye presha asiinamishe kichwa chini.

Kuna mtu sokoni anauza dawa ya Kichina ya kusafisha ini. Ninunue?

Hapana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake waliopewa vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba ya Kichina waliharibika figo, kwa sababu mahali pa mmea mmoja palikuwa pametiwa mwingine wenye sumu, aristolokia. Baadhi walipata saratani. Sisemi mitishamba yote ni mibaya: dawa yetu ya malaria, artemisinini, ilitoka kwenye mmea wa Kichina, na mwanasayansi wa China aliyeigundua, Tu Youyou, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini ilichujwa, ikapimwa, ikapewa kipimo. OMS, Shirika la Afya Duniani, haishauri kunywa chai ya mmea huo badala ya dawa. Ukitaka kijani na uchachu, kula lenga-lenga (mchicha) na ukamulie ndimu.

Nitajuaje kama si majira tu?

Uchovu wenye homa ni wa kupimwa malaria siku hiyohiyo. Macho yakiwa ya njano, au mkojo mweusi kama chai ya rangi, huenda ni ini la kweli. Huzuni iliyozidi wiki mbili, mtu hali, halali, hataki kuona watu, nayo ni ugonjwa na ina matibabu. Siku hiyo usije uani kwangu. Nenda kituo cha afya, na kama huna wa kukusindikiza, niite.