Ushauri nasaha wa muuguzi kwa anayeishi na VVU ni nini?

Ni mazungumzo ya faragha yanayomsaidia mtu kuielewa hali yake na kuamua mwenyewe ataishi nayo vipi. Si mawaidha, wala si kuambiwa "jikaze". Kenya imeyaweka kisheria: Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti VVU na ukimwi inataka kila anayepimwa ashauriwe kabla na baada ya kipimo, na majibu yake yabaki siri.

Washauri waliosomea kazi hiyo peke yake wapo. Lakini muuguzi ndiye anayempima mtu uzito, anayemuona kila kliniki, na mara nyingi ndiye wa kwanza kugundua tarehe iliyorukwa kwenye kadi. Siku ya majibu hasemi mengi, maana mengi hayatakaa kichwani. Huuliza: "Ukifika nyumbani utamkuta nani?"

Kazi kubwa iko kwenye dawa. Tangu 2016 kila anayekutwa na virusi huanzishiwa dawa bila kungoja kinga ishuke. Kwa watu wazima wengi ni kidonge kimoja kwa siku, ila ni cha kila siku, maisha yote. Ramadhani ikiingia Mombasa, mtu aliyezoea kumeza saa nne asubuhi anataka kufunga. Muuguzi anayeujua mji hamwambii achague kati ya saumu na dawa; humhamishia saa, baada ya futari au wakati wa daku, kisha asiibadilishe badilishe. Mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu naye huelezwa avimeze pamoja na dawa yake akiwa ameshakula, kwa sababu tumbo likiwa tupu madini ya chuma huzuia dolutegravir, dawa ya VVU iliyomo kwenye kidonge hicho cha kila siku, isiingie mwilini vizuri.

Kuna pia mtu wa Likoni anayevuka feri kufuata dawa kisiwani Mombasa ilhali zahanati iko karibu na kwake. Anakwepa macho ya jirani, na ana sababu zake. Akiwa anaendelea vizuri anaweza kupewa dawa za miezi 3 hadi 6, safari zikapungua.

Habari moja naona ingetolewa mapema kuliko inavyotolewa: virusi vikishuka hadi kipimo kisivione, na vikabaki hivyo, mtu hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Kunyonyesha ni hesabu nyingine. Hatari hupungua sana lakini haiishi kabisa, ndiyo maana mtoto naye hupewa dawa yake.

Yote haya huharibiwa na ukali. Ukikaripiwa kwa kukosa vidonge viwili, kliniki ijayo utasema umemeza vyote. Kisha kipimo cha wingi wa virusi kitaleta habari tofauti, ionekane dawa ndiyo imeshindwa, na huenda ukabadilishiwa dawa ambayo haikuwa na kosa lolote.