Je, wajua? Ukiona 404, mtandao wako ni mzima

Ingia steshenari yoyote ya Dodoma mjini msimu wa kuomba mikopo ya chuo au ajira. Ukurasa ukigoma kufunguka, mteja huambiwa neno lile lile: "Mtandao unasumbua, rudi baadaye." Pengine ni kweli. Lakini ikiwa kwenye skrini imeandikwa 404, mtandao hauna kosa lolote.

Unapobofya kiungo, kivinjari hupeleka ombi kwa seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Seva ikijibu, hutanguliza namba ya tarakimu tatu, kisha ndipo hutuma ukurasa wenyewe. Mambo yakienda sawa namba hiyo ni 200, na wewe huioni. Tarakimu ya kwanza ndiyo yenye habari: 2 ni kwamba ombi limefanikiwa, 3 ni kwamba unaelekezwa kwingine, 4 ni kwamba kasoro iko kwenye ombi, na 5 ni kwamba kasoro iko kwa seva. Ipo na 1, ila hiyo ni mazungumzo ya mashine kwa mashine.

Kwa hiyo 404 inathibitisha kuwa ombi lako lilisafiri, likafika, likasomwa na likajibiwa: hapa hakuna kitu kwa anwani hiyo. Bando likiisha hupati 404. Unapata tangazo la kivinjari chenyewe kwamba kimeshindwa kuifikia tovuti. Ukipata 404, kagua herufi za anwani kabla ya kulaumu mnara. Mwenye tovuti aliyeufuta ukurasa moja kwa moja anaweza kutumia 410, inayosema wazi kuwa kilichokuwepo kimeondolewa, ingawa wachache hujisumbua nayo.

Namba hizi hazikuwepo tangu mwanzo. Utaratibu wa kwanza wa mawasiliano ya kivinjari na seva (HTTP) wa Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, uliotumika mwaka 1991 kwenye kituo cha utafiti cha CERN kule Geneva, ulirudisha ukurasa peke yake, bila namba. Kosa likitokea, lilielezwa kwa maandishi ndani ya ukurasa huo huo. Binadamu alisoma akaelewa, lakini programu haikuwa na njia ya kutofautisha ukurasa halali na taarifa ya kosa. Toleo la 1.0 la utaratibu huo, lililochapishwa Mei 1996, likaja na namba, kwa mtindo wa tarakimu tatu uliokwisha kutumika katika kuhamisha mafaili na barua pepe. Ile hadithi kwamba 404 kilikuwa chumba huko CERN ni uzushi. Robert Cailliau, aliyekuwa na Berners-Lee tangu siku za awali, aliikanusha.

Kundi la 3 mkazi wa Dodoma atalielewa haraka kuliko mtu mwingine. Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kasi baada ya 2016, baadhi ya wizara zilijishikiza kwanza kwenye majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kisha zikaenda Mtumba, ulipo mji wa Serikali. Kujishikiza chuoni ni 302: kwa sasa tuko kule, lakini msibadilishe kumbukumbu zenu. Mtumba ni 301: tumehama jumla, andikeni anwani mpya. Kivinjari huitii 301 kiasi cha kuikariri na safari nyingine kwenda moja kwa moja, ndiyo maana 301 iliyowekwa kwa bahati mbaya husumbua hata baada ya kuondolewa.

Siku ya matokeo ya mitihani ndipo kundi la 5 hutamba. 503 ni kwamba seva imezidiwa au iko kwenye matengenezo. 502 na 504, kwamba seva ya mbele imeshindwa kupata jibu la maana kutoka kwa iliyo nyuma yake. 500, kwamba programu imekwama yenyewe. Hapo kubadilisha laini hakusaidii, na kubonyeza mfululizo kunaiongezea seva mzigo.

Sasa, ule ukurasa wa kosa unaweza kuutengeneza upendavyo. Kwenye Apache, mojawapo ya programu za kuendesha seva, ni mstari mmoja ndani ya faili la mipangilio liitwalo .htaccess:

ErrorDocument 404 /haupo.html

Uandike kwa Kiswahili, uweke kisanduku cha kutafutia na namba ya simu ya ofisi, uwe mwepisi kwa mwenye bando dogo. Ukurasa wa 503 usitegemee hifadhidata ile ile iliyolala.

Mtego uko hapa. Ukiandika anwani nzima inayoanza na https badala ya njia fupi, Apache haitumi 404 tena. Inatuma 302, na msomaji anatua kwenye ukurasa wenye 200. Yeye anasoma "haupo", lakini Google inaambiwa ukurasa upo, na tunarudi kule kule kwa 1991. Kagua kwa amri ya curl -I, inayoandikwa kwenye dirisha la amri la kompyuta, ikifuatiwa na anwani ya kubuni ndani ya tovuti yako, na usome mstari wa kwanza wa jibu: lazima uwe na 404.